Mfuatano au Mpangilio? Historia ya Kibainishi Kimoja

Mara nyingi tunapounda istilahi tunatazama neno la kigeni na kusahau kazi ambayo neno hilo limekuwa likiifanya. Hapa tutatoa mfano mmoja kutoka katika fani ya maktaba.

Mwaka 1988 Marekani iliidhinisha kanuni ya Z39.50, inayoziwezesha kompyuta za maktaba mbalimbali kuulizana habari za vitabu. Toleo la mwaka 1995 lilieleza namna ya kutafuta maneno yaliyo karibu: muulizaji hutaja umbali baina ya maneno mawili, kisha husema kama mfuatano wake uzingatiwe au la. Ukizingatiwa, neno la kwanza katika swali sharti litangulie katika matini pia. Usipozingatiwa, lolote laweza kutangulia. Mwaka 1998 kanuni hiyo ikawa ya kimataifa, ISO 23950.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa lugha ya kuulizia iitwayo CQL, inayotumika katika utaratibu wa SRU kwa njia ya intaneti. Humo mfuatano ni kibainishi, yaani neno dogo linaloambatishwa kwenye amri ili kuibana maana yake. Seva isiyoweza kukitimiza haipaswi kukipuuza kimyakimya. Orodha ya makosa ya SRU imetenga nambari 43 kwa ajili ya kumwarifu muulizaji.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo. Tukitafuta "lugha" na "elimu" katika umbali wa maneno mawili (kwa kuwa "ya" iliyo kati nayo huhesabiwa), bila kujali mfuatano, tutaletewa "lugha ya elimu" pamoja na "elimu ya lugha". Mwalimu atambua kwamba hizo ni mada mbili tofauti kabisa.

Je, kibainishi hicho tukiite nini? Neno "mpangilio" huja mdomoni upesi. Lakini CQL ina pia amri ya kupanga matokeo, kwa mfano kwa kufuata mwaka au jina la mwandishi. Msomaji akiambiwa kwamba "mpangilio hauwezekani", atadhani ni orodha tu iliyokosa kupangwa, kumbe swali lake lenyewe halikujibiwa.

Kwa hiyo twapendekeza "mfuatano" kwa nafasi za maneno katika matini, na "upangaji" kwa matokeo. Wafasiri wakizichanganya istilahi hizo mbili, atakayepotea ni msomaji.