Ngao, Upanga na Dua: Historia ya Kugawana Kazi za Vita Mezani

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala askari mmoja hawi jeshi. Lakini kujua kwamba watu hutegemeana ni jambo moja, na kumwambia mtu mapema atategemewa kwa lipi ni jambo jingine. Tofauti hiyo yaonekana kama katika kioo katika historia ya Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ambamo watu wachache huketi mezani, kila mmoja akajitia nafsi ya shujaa wa kubuni, na dadu zikaamua mapigo yao.

Asili ya mchezo huo ni vita vya kuigiza. Mwaka 1824 Reisswitz, ofisa wa Prusia, alitoa kanuni za kufundishia maofisa wenzake, ambamo vibao vidogo vilisimama badala ya vikosi. Hapo kazi zilikuwa dhahiri: askari wa miguu hushika mahali, wapanda farasi huvunja safu, mizinga hupiga kwa mbali. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati, wakaongeza sehemu ya mambo ya kubuni. Humo shujaa mmoja alihesabiwa sawa na askari wanne, na mchawi alirusha moto kama mtambo wa kurushia mawe. Wakati huo Dave Arneson, huko Minnesota, alimpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwongoza katika nchi ya kubuni ya Blackmoor. Hivyo kikosi kikageuka kuwa mtu, na kazi ya kikosi ikawa kazi ya mtu.

Gygax na Arneson walipotoa mchezo wao, aina za wahusika zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mpiganaji alivaa deraya na kushika silaha yoyote. Mchawi hakuruhusiwa deraya, na silaha yake ilikuwa kisu; alipoanza alikuwa na neno moja tu la uchawi. Kasisi alivaa deraya, akafukuza mizuka, na baadaye akapata dua za kuponya. Mwaka 1975 kitabu cha Greyhawk kilimwongeza mwizi. Hakuna aliyeandika kwamba huyu ni ngao na yule ni upanga. Kanuni zenyewe zilisema kwa yale zilizoruhusu na yale zilizokataza.

Hata hivyo, kazi isiyotajwa haikosi uzito. Mzigo huo ulimwangukia zaidi kasisi. Zamu yake ilipofika, aliitumia kumponya mwenzake. Kisha akangoja, na zamu iliyofuata akamponya mwingine. Wenzake walirudi na sifa za kuua majoka, naye alirudi na shukrani, kama zilitolewa. Haikuwa ajabu basi kwamba kazi hiyo ilikimbiwa, na mara nyingi kundi lilipaswa kumbembeleza mmoja wao aichukue. Kanuni za mwaka 2000 zilijaribu kumtendea haki: zilimruhusu kasisi kuandaa dua nyingine, na kuigeuza kuwa ya uponyaji pale tu haja ilipotokea.

Toleo la nne, la mwaka 2008, lilivunja ukimya. Kitabu chake cha kwanza kiligawa aina nane za wahusika katika kazi nne zilizotajwa waziwazi: walinzi, wapigaji, viongozi na watawala wa uwanja. Mpiganaji akawa mlinzi, naye alipewa njia ya kulinda kweli: adui aliyetiwa alama naye akimshambulia mtu mwingine, dadu yake hupunguziwa mbili. Kabla ya hapo, ngao ilifaa katika njia nyembamba. Uwanjani adui mwenye akili aliizunguka na kumwendea mchawi. Kasisi naye akawa kiongozi, aliyeweza kumponya mwenzake na kupiga adui katika zamu ileile.

Kazi ilikuwa njema, lakini jina lilichukiza wengi. Walisema kuwa mtu amegeuzwa kuwa kifaa, na kwamba mchezo umefanana na ile ya kompyuta, kama EverQuest ya mwaka 1999, ambayo ilizoeza watu kugawanyika katika ngao, mponyaji na mpigaji. Walitaka kuwa watu kwanza, kisha kazi ifuate. Toleo la tano, la mwaka 2014, likayaacha majina hayo manne.

Lakini yafaa kutazama kilichobaki. Katika toleo hilo la tano imo dua fupi ya kuponya, ambayo humwachia kasisi nafasi ya kupiga katika zamu hiyohiyo. Jina liliondoka, haki ikabaki. Basi waliolalamika hawakukosea, na walioyataja majina hawakukosea pia. Mzigo usiotajwa huchukuliwa na mnyonge au mpole, na hakuna aonaye uzito wake. Ukitajwa, waweza kupimwa na kupunguzwa. Lakini mtu hapendi kuitwa kwa jina la mzigo wake. Kikundi chenye hekima huutaja mzigo ili kuugawa kwa haki, kisha humwita mbebaji kwa jina lake mwenyewe.