Sakafu Juu ya Sakafu: Kutoka Mkeka Hadi Laminati



Tuanze na neno lenyewe. Sakafu limetoka katika Kiarabu, saqf, na huko maana yake ni dari au paa, kama wanafunzi wetu wanavyolikuta katika Surat Al-Anbiyaa. Imekuwaje kitu cha juu kikawa cha kukanyagwa? Tazameni nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Juu ya boriti za mikoko yalipangwa mawe, ikamwagwa chokaa, ikapondwapondwa hadi ikashikana. Aliye chini huiona dari, aliye ghorofani huikanyaga.

Huku kwetu Gisenyi nyumba ya asili ilikuwa na udongo ulioshindiliwa, na juu yake zikatandazwa nyasi ziitwazo ishinge, au mikeka. Zikichakaa, huondolewa zikaletwa nyingine. Saruji ndiyo iliyotuzoeza sakafu isiyoondoka. (Wengine wetu tungali tunaipenda ile ya kupakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta.)

Laminati, ambayo familia nyingi zinaiulizia, ilibuniwa Sweden na kampuni ya Perstorp mwaka 1977, ikaanza kuuzwa miaka ya 1980 kwa jina la Pergo. Mwanzoni vipande viliunganishwa kwa gundi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaja vya kubanana vyenyewe. Si ubao halisi, ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa, juu yake picha ya mbao na utando mgumu. Haipigiliwi msumari wala haigandishwi chini, hulala tu juu ya sponji nyembamba. Kwa ufupi, tumerudi kwenye mkeka.

Lakini mkeka hukunjwa, laminati haikunjwi, na ardhi yetu hutikisika. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta na sakafu nyingi hapa Rubavu. Ndipo wengi walipotaka kufunika nyufa. Laminati huficha ufa, haiuponyi. Ikiwa upande mmoja umeinuka kuliko wa pili, maungio yatavunjika kwa kukanyagwa. Kwanza ufa uzibwe na sakafu isawazishwe. Na ufa unaoendelea kupanuka ni kazi ya fundi mwashi, si ya muuza laminati.

Unyevu nao tusiusahau. Bandika kipande cha nailoni juu ya saruji, kingo zote zifungwe, kikae siku nzima. Ukikuta matone chini yake, usitandike bado. Kando ya kuta acha nafasi ya kama sentimita moja, kwani vipande hutanuka.

Ngazi ni habari nyingine kabisa. Hapo laminati haiwezi kuachwa ielee, ni lazima igandishwe barabara. Tena hesabu ya urefu: ukiongeza sentimita moja kwenye vidato vyote na sakafu ya chini ukaiacha, kidato cha kwanza kitakuwa kirefu kuliko vingine. Jicho halioni, ila mguu wa mzee anayeshuka gizani kwa ajili ya Alfajiri umezoea kipimo kimoja, na hapo ndipo hujikwaa. Ukingo wa kila kidato uwekewe kizuizi chenye mikwaruzo, maana miguu iliyotoka kutawadha huwa na maji.