Mistari Mingapi Kwenye Kioo?

Tarehe 2 Novemba 1936, BBC ilipofungua kituo chake cha televisheni katika jumba la Alexandra Palace, London, ilijinadi kuwa picha zake ni za ubora wa juu. Haikuwa ikiongopa. Matangazo ya awali ya mvumbuzi John Logie Baird yalichora uso wa mtu kwa mistari 30 tu, na kamati ya serikali ya Uingereza ilikuwa imeamua kwamba ubora wa juu huanzia mistari 240. Baird akaleta 240. Washindani wake, Marconi-EMI, wakaja na 405. Mitambo hiyo ikapokezana hewani, wiki hii huu, wiki ijayo ule, na mapema 1937 wa Baird ukawekwa kando. Mistari 405 iliendelea kurushwa Uingereza hadi 1985.

Kwa hiyo anayeonyeshwa herufi HD, yaani ubora wa juu, kwenye boksi la runinga ana haki ya kuuliza: ubora wa juu kuliko nini?

HD ya leo ilianzia Japani. Baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, watafiti wa shirika la utangazaji la NHK walianza na jicho la mtazamaji: akae umbali gani, na kioo kiwe kipana kiasi gani, hata ajione yuko uwanjani? Wakafikia mistari 1,125 na kioo kipana kuliko kile cha karibu mraba kilichozoeleka. Tatizo likawa hewani, maana picha moja ya aina hiyo ilimeza nafasi ya chaneli kadhaa. Wakaibana kwa mfumo ulioitwa MUSE, wakairusha kwa setilaiti, na kufikia mwishoni mwa 1991 Wajapani walikuwa wakiipata saa nane kwa siku. Ulaya ilikuwa imeukataa mfumo huo mwaka 1986, kwa kuvihofia viwanda vyake, ikajitengenezea wake wa mistari 1,250. Pande zote mbili zilipoteza fedha nyingi. Mwaka 1990 kampuni ya Marekani, General Instrument, ilitangaza mfumo wa kidijitali uliobana picha ya HD hadi ikaenea kwenye chaneli moja ya kawaida, na analojia ikaanza kuaga.

Madukani mambo yalivurugika zaidi. Mwaka 2005 watengenezaji wa Ulaya walikubaliana nembo ya "HD Ready": kioo kiwe na mistari isiyopungua 720 na kiweze kupokea picha ya 1080. Runinga nyingi za nembo hiyo zilikuwa na nukta 1366 kwa 768, kama milioni moja hivi. Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ina milioni mbili. Nembo ilikuwa ya kweli, na ya kijanja pia, kwani haikudai hata runinga iwe na kipokezi cha HD ndani yake.

Afrika Mashariki ilizoea mistari 625, ambayo 576 tu ndiyo huonekana. Zanzibar ilianza 1973, tena kwa rangi, miaka ipatayo ishirini kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo chake. Mwisho wa 2012 analojia ilipozimwa Dar es Salaam, ving'amuzi viliingia sebuleni, chenga zikatoweka, na wengi wakaamini hiyo ndiyo HD. Siyo. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha, na mistari ile ile 576 husafiri humo bila taabu. Mrushaji naye ana hesabu zake: nafasi inayoliwa na chaneli moja ya HD hutosha chaneli kadhaa za kawaida.

Kenya ilizindua dijitali mwaka 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, ambao ving'amuzi vya mfumo wa kwanza haviwezi kuusoma. Mnunuzi wa leo anayetaka kutumia antena bila king'amuzi hutafuta herufi hizo, T2, kabla hajauliza inchi.

Inchi zenyewe zina gharama yake. Televisheni ya chogo ya inchi 21 ilificha kasoro za picha kwa udogo wake. Kioo cha 4K kina nukta zaidi ya milioni nane, mara 20 ya zile za picha ya kawaida ya mistari 576. Zinazopungua runinga hujibunia yenyewe.