Issenye: maji ya kilimo

Issenye ni eneo la wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Wenyeji, Waisenye, hulima na kufuga. Mahindi, mtama, ulezi, mihogo na pamba yao karibu yote hutegemea mvua za vuli na masika.

Uhaba wa mvua ni nusu tu ya tatizo. Mvua hupiga kwa kishindo siku chache, ikateremka bondeni na udongo wa juu, kisha jua likawaka wiki nzima mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kwa hiyo maji ya chakula huokolewa kwanza shambani: matuta yanayokata mteremko, matandazo ya mabua, samadi ya zizini ili udongo ushike unyevu. Mtama na mihogo huvumilia ukame unaoua mahindi. Kuviacha kwa sababu mahindi ndiyo yana soko ni hatari kwa kaya. Lambo hufuata baada ya hapo.

Kiangazi, mto Grumeti hubaki madimbwi. Mto Mara, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, haupiti Issenye, lakini ndio mto wa kudumu unaowanywesha nyumbu wa Serengeti. Huanzia milima ya Mau, Kenya, hupita wilaya za Serengeti na Tarime, na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ukataji wa msitu wa Mau umeuongezea tope, na umwagiliaji wa mashamba makubwa ya juu huuchukulia maji wakati wa kiangazi. Ndiyo maana Kenya na Tanzania huadhimisha pamoja Siku ya Mara kila Septemba 15.

Nchini Tanzania, Sheria Na. 11 ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji hutanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi, kilimo kikiwemo. Wapo wanaoona mkulima amewekwa nyuma. Mpangilio huo ni wa haki, kwani familia yake na mifugo yake hunywa maji ya mto huohuo unaomwagilia mashamba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo hulinda mita 60 za ukingo.

Anayetaka kuchepusha maji ya mto kwa umwagiliaji huomba kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza. Matuta ya shambani mwake hayahitaji kibali.