Mstari wa Kwanza: Nani Hukaa Malindi?

Ukitaka kununua nyumba Malindi au Watamu, dalali atakuuliza mapema: mstari wa kwanza ama wa pili? Wa kwanza unagusa mchanga. Wa pili umetengwa na bahari kwa barabara, au kwa ukuta wa jirani. Mstari wa tatu hautajwi, na huko ndiko wanakoishi watu wengi.

Watu wenye pesa kujenga karibu na bahari hii si jambo la juzi. Nenda Gede. Mji ule wa mawe ulihamwa kufikia karne ya 17, na James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948, nyumba zilipewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Ndiyo, Venice. Ushanga wa Italia ulifika huku kabla ya Waitaliano wenyewe kuja na pasta yao. Tunajua mkasi ulikuwa wapi, lakini mwenye mkasi aliitwa nani? Kwani nani ataniambia.

Malindi yenyewe ilikuwa magofu na kichaka hadi 1861, Sultani Majid wa Zanzibar alipoamua kuifufua. Waarabu na Waswahili wakafungua mashamba ya mtama, ufuta na mahindi, na nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Kazi ilifanywa na watumwa, ambao walikuwa wengi kuliko mabwana zao. Wengine walitoroka, wakaanzisha vijiji vya watoro kama Fuladoyo, huko kwa Wagiriama. Kwa hivyo tukisema "wakazi wa zamani wa Malindi," tusiwe tunamaanisha tu waliokuwa na milango ya kuchonga.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ugomvi wote wa ardhi unaousikia kwenye habari umepitia hapa. Mwaka 1907 serikali ya Mwingereza ilifuta utumwa kisheria. Fidia ilitolewa, bana, lakini kwa mabwana, si kwa waliolima bure. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Kila mwenye dai alete dai lake, aonyeshe ushahidi, apimiwe, apewe hati. Ambayo haikudaiwa na mtu ikawa ya Serikali ya Kifalme.

Sasa fikiria nani angeweza kwenda kwa msajili. Mwenye shamba aliye na barua ya kadhi, sawa. Mfanyabiashara aliyenunua, sawa. Mgiriama ambaye ardhi yake ni ya ukoo, na ambaye serikali ilishaamua kwao ni bara na si kwenye mwambao? Mtumwa aliyeachwa huru mwaka jana, mwenye jembe na jina moja tu? Hao walibaki wanaishi juu ya ardhi yenye jina la mtu mwingine. Ungeweza kuzaliwa pale, ukapanda minazi pale, ukamzika baba yako pale, na kwenye karatasi wewe ni mpita njia. Neno "skwota" lilikuja kuwaganda watu ambao hawakuhama popote.

Tena Pwani tunacho kitu ambacho watu wa Nairobi hukikataa wakielezwa: nyumba bila ardhi. Kuta zako, paa lako, lakini chini pana mwenyewe na unamlipa kodi ya kiwanja. Siku akiuza, unabaki na mawe.

Mwaka 1914 Wagiriama walipigana na Mwingereza, aliyetaka vibarua wao na kuwaondoa kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka akarudi kwao. Kufikia miaka ya 1930 walowezi wa bara walikuwa wanashuka Malindi kupumzika, hoteli zikafunguliwa, na Hemingway akaja kuvua samaki mwaka 1934. Sehemu hiyo ndiyo hupendwa na vipeperushi vya watalii, sina haja ya kuirudia.

Waitaliano waliletwa na roketi. Sijakosea. Mradi wa San Marco uliweka majukwaa baharini karibu na Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka huko. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa nyingine ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Mafundi walirudi kwao na habari za jua na bei ya viwanja, wenzao wakafuata, na leo kijana wa ufuoni anakusalimia "ciao" kabla ya "mambo."

Angalia majumba yao yalivyojengwa: kuta nyeupe, boriti za mikoko, paa refu la makuti. Makuti ni kazi ya Wamijikenda, na paa linahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Yule anayeyasuka, mara nyingi, kwake amepiga mabati. Makuti yamekuwa ya matajiri.

Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kuwa na ardhi Kenya zaidi ya upangaji wa miaka 99, hata akijificha nyuma ya kampuni. Aliyekuwa na zaidi alikatiwa. Ukihesabu kuanzia 2010, inaisha 2109. Nani atakuwa anasubiri langoni, na ana karatasi gani mkononi?

Mvua za Aprili zikianza, wenye nyumba wengi huwa wamesharudi Ulaya. Taa za mstari wa kwanza zinazimika moja moja. Anayebaki ni keateka, kwenye kijumba cha nyuma. Yeye ndiye anayejua paa linavuja wapi, pampu ya kisima inakwama saa ngapi, na mwembe ulipandwa na nani.