Kukomboa na Kukombolewa: Ukoo, Ardhi na Uhuru katika Buhaya

Sosholojia ilizaliwa Ulaya katika karne ya 19 ikiwa na hadithi yake ya mwanzo, na hadithi hiyo haijaachana nayo hadi leo. Mwaka 1861 Henry Maine, mwanasheria Mwingereza, alieleza kwamba jamii zinazoendelea hutoka katika hali ambamo mtu hupewa nafasi yake na nasaba, zikaingia katika hali ambamo hujitafutia nafasi hiyo kwa mkataba. Mwaka 1887 Mjerumani Ferdinand Tönnies alitenganisha jumuiya ya damu, ujirani na mazoea, na jamii ya soko ambamo watu hukutana kama wageni wenye maslahi. Émile Durkheim, mwaka 1893, alijaribu kuonesha kuwa mgawanyo wa kazi nao hufunga watu pamoja, lakini hata yeye alianzia kwenye njia panda ileile. Kutokana na maandishi hayo imeenea imani kwamba uhuru na jumuiya ni kama mizani: upande mmoja ukipanda, wa pili hauna budi kushuka.

Historia ya Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, inaitia imani hiyo mashakani. Huko mgogoro mkubwa wa uhuru haukuwa wa mtu aliyetaka kuikimbia jumuiya yake. Ulikuwa wa watu waliodai nafasi kamili ndani yake, na uwanja wa mgogoro huo ulikuwa kibanja.

Anayepita Izimbya, katika Wilaya ya Bukoba, au akashuka kusini hadi Muleba, hukutana na mandhari ya aina mbili. Kuna vibanja, yaani mashamba ya migomba yenye mibuni chini yake na nyumba katikati. Na kuna rweya, uwanda wa nyasi uliotumiwa na wote kwa malisho, kwa nyasi na kwa mazao ya muda. Rutuba ya kibanja haikutokana na maumbile peke yake. Ilitengenezwa kwa nyasi zilizobebwa kutoka rweya na kwa samadi ya ng'ombe, kizazi baada ya kizazi. Waliokitengeneza huzikwa humohumo. Kibanja basi ni jasho la waliotangulia na pia ni kaburi lao, na anayekilima leo ana wenzake wengi wasioonekana. Ndiyo maana ukoo, ambao Wahaya huuita oruganda, ulijihesabu kuwa na sauti katika kila shauri la kukigawa au kukiuza, na mtu baki aliyekinunua alionekana amenunua hata makaburi.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kuichora jumuiya hiyo kama bustani ya usawa. Julius Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, alieleza kwamba katika Afrika ya jadi ardhi ilikuwa ya wote na hapakuwa na tabaka la wenye mashamba wanaoishi kwa jasho la wengine. Buhaya ilikuwa na nyarubanja. Omukama aliweza kumpa ndugu au mtumishi wake wa ikulu eneo lenye vibanja ambavyo tayari vina wenyewe. Kuanzia hapo wenyewe hao waligeuka kuwa watwarwa, wakawajibika kumtolea mtwazi wao sehemu ya mazao pamoja na kazi ya mikono. Serikali ya Nyerere mwenyewe iliujua ukweli huo vizuri. Iliufuta uchifu mwaka 1963, na kwa sheria ya mwaka 1965 iliwapa watwarwa haki ya ardhi waliyoilima. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba watwarwa hao hawakudai kuhama. Walidai kubaki palepale, kwa heshima.

Kahawa ndiyo iliyobadili uzito wa mambo. Wahaya waliifahamu buni zamani; waliitafuna, wakampa mgeni, wakafungia nayo udugu wa damu. Chini ya utawala wa Wajerumani, na zaidi chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa zao la biashara, na kibanja kikapata bei katika fedha. Hapo ndipo swali la nani anaruhusiwa kuuza lilipokuwa kali. Wakati huohuo, wanawake wa Kihaya walikuwa wakienda Kampala na Nairobi kutafuta fedha, wengi kwa kazi ambayo majumbani haikusemwa kwa sauti. Mwanahistoria Luise White, katika utafiti wake juu ya Nairobi ya kikoloni uliochapishwa mwaka 1990, alionesha jinsi fedha hizo zilivyorudi nyumbani kusaidia familia na mashamba. Birgitta Larsson, mwaka uliofuata, alichunguza wanawake waliokimbilia misheni katika eneo hilohilo, na akakipa kitabu chake jina linalouliza kama kuongoka kuliwaletea uhuru mkubwa zaidi. Swali lilikuwa halali. Mwanamke aliyetoka hakutoka moja kwa moja. Mara nyingi alitoka ili arudi akiwa na mahali pake.

Ni katika mazingira hayo mila iliandikwa. Mwaka 1944 Serikali ya Wenyeji ya Bukoba ilitunga kanuni za urithi wa mashamba kwa wanawake. Mwaka uliofuata Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha kitabu chao juu ya sheria za mila za Wahaya. Na mwaka 1963 serikali huru ilitangaza kanuni za urithi za kimila ambazo zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maishani mwake lakini zikamkataza kuiuza. Kilichotetewa baadaye mahakamani kama sauti ya mababu kilikuwa, kwa sehemu kubwa, wino wa miaka ya 1940, na wakati unaandikwa wino huo ardhi ilikuwa imeshapanda thamani. Haina maana kwamba wazee waliizua mila. Lakini mila inayosemwa hubishaniwa na kulegezwa kila msiba unapotokea, ilhali mila iliyochapwa humngoja hakimu.

Mwaka 1968 Mahakama Kuu ilikataa kuibadili. Miaka ishirini baadaye likaja shauri ambalo wanasheria wote wa Tanzania hulijua kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke mmoja alikuwa amerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka akajiona hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mwanaume wa ukoo wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akidai mauzo hayo ni batili, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Tarehe 22 Februari 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ilikuwa ya kibaguzi na imefutwa na Katiba. Tangu hapo mwanamke na mwanaume wangekuwa na haki sawa juu ya ardhi ya ukoo.

Kwa kawaida hukumu hiyo husomwa kama ushindi wa mtu mmoja dhidi ya jumuiya, yaani kama sura ya mwisho ya hadithi ya Maine. Usomaji huo hauitazami sehemu yake ya pili. Jaji hakuivunja haki ya ukoo. Alimpa mlalamikaji miezi sita ya kumrudishia mnunuzi shilingi zake 300,000 na kulichukua shamba. Akishindwa, libaki kwa mnunuzi. Mwanaume wa Kihaya aliyeuza ardhi bila ridhaa ya ukoo alikuwa akitendewa vivyo hivyo siku zote: ndugu waliweza kuirudisha kwa kulipa bei. Alichopata bibi yule basi hakikuwa uhuru wa kuishi bila ukoo. Alipata kuwa mwanaukoo sawa na wengine, ambaye tendo lake ni tendo halali, na anayetaka kulitengua sharti afungue mkoba. Ukoo ambao haukuonekana kumtunza ulikuwa na nafasi ya kuonesha, kwa fedha taslimu, jinsi ulivyolithamini shamba.

Hapa lugha inastahili kusikilizwa. Jamaa, jamii, jumuiya na ujamaa ni maneno ya shina moja la Kiarabu lenye maana ya kukusanya, na Kiswahili hakikuyagawa katika kambi mbili kama Tönnies alivyogawa maneno ya Kijerumani. Uhuru, kwa upande wake, ulikuwa katika pwani ya zamani hali ya mtu aliyeachwa huru kutoka utumwani kabla ya kuwa jina la siku ya taifa. La kuvutia zaidi ni kitenzi kukomboa. Mtu hukomboa pete aliyoiweka rehani, hukomboa mateka, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuja Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyoundwa mwaka 1963. Jaji Mwalusanya alianza hukumu yake kwa kusema kuwa rufani hiyo inahusu ukombozi wa wanawake, na akaimaliza kwa kumruhusu mwanaume wa ukoo kukomboa shamba. Katika Kiingereza alichokiandikia, hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Katika Kiswahili ni neno moja, nalo husema wazi kitu ambacho nadharia ya Ulaya hukificha: kumweka mtu huru na kukirudisha kitu kwa wenyewe vinaweza kuwa tendo moja, na shida yote iko katika kuamua ni nani wenyewe.

Shauri hilo lilisikilizwa Kashasha kwa Kiswahili, lugha ya mahakama za mwanzo, likaamuliwa Mwanza kwa lugha ambayo wengi wa watu wa Muleba wasingeweza kuisoma. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote ilipitishwa mwaka 2021 tu. Kwa miaka 31 hukumu iliyonukuliwa katika vyuo vikuu vya mabara kadhaa iliwafikia wanavijiji wa Izimbya na Muleba kwa masimulizi, kama yalivyowafikia mambo ya mababu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliitangaza kuwa batili mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi. Hata hivyo, wajane wawili walipoipeleka Mahakama Kuu kanuni ya urithi ya 1963, mahakama hiyo, mwaka 2006, ilikiri kwamba ni ya kibaguzi lakini ikakataa kuifuta, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la jaji. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za wajane hao, ikaitaka irekebishe kanuni zake. Katika Kagera, ambako UKIMWI uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 na kuacha wajane wengi, swali la nani arithi kibanja liliendelea kujibiwa kwanza matangani, wazee wa ukoo wakiwa wamekaa chini ya migomba, kabla karatasi yoyote haijafika kwa hakimu.