Manamba wa Buha na vumbi la mkonge

Tukitaja manamba tunakumbuka panga na shamba. Vumbi tunalisahau.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha SILABU, ofisi ya kusaka vibarua. Kasulu na Kibondo zikawa kati ya sehemu ilikowapata. Waha wakapanda treni Kigoma kwenda mashariki, wengi hadi Tanga na Morogoro.

Kiwandani, korona ikishakamua majani na nyuzi kukauka juani, zinaingia chumba cha brashi. Hapo vumbi hutimka. Utafiti uliofanywa Tanga miaka ya 2000 ulikuta wafanyakazi wa brashi wakisumbuliwa na kikohozi. Kwenye makaa ya mawe ya Kiwira, utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha wachimba njia mpya ndio wanaovuta vumbi jingi.

Kinga inajulikana: kulowanisha vumbi, kuingiza hewa, kufunika mashine, kupima mapafu mara kwa mara. Kitambaa puani hakitoshi.

Lakini manamba aliyemaliza mkataba alirudi Buha na kifua chake, mwajiri akabaki na daftari safi. Sheria ya fidia ya 2008 inatambua magonjwa ya kazini. Sawa. Ila kibarua wa leo akianza kukohoa miaka kumi baada ya kurudi kijijini, nani atamuuliza alifanya kazi wapi?